UZI: Nyambizi ya Hitler iliyoishia mchangani Somalia, na daftari lililompeleka kamanda wake mbele ya bunduki

Mwana wa Pwani:
Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi tangu tulipomaliza ule wa manowari ya Kijerumani Königsberg kule Rufiji, nikawa nakwepa kwepa. Leo umeme upo, watoto wamelala, sina kisingizio.

Ukitaja nyambizi za Wajerumani, wengi akili inakimbilia Atlantiki ya kaskazini, baridi, misafara ya meli za Uingereza. Ni wachache wanaojua kwamba moja iliishia upande wetu huu, Bandar Beyla, pwani ya Somalia inayotazama Bahari ya Hindi, kusini ya Ras Hafun. Jina lake U-852.

Ilijengwa Bremen, karakana ya AG Weser, ikaanza kazi rasmi Juni 15, 1943. Aina yake IXD2. Msidhani natupa namba ili nionekane msomi, kisa chote kimefungwa hapo. IXD2 lilikuwa jitu: urefu mita 87 na ushee, uzito tani 1,600 likiwa juu ya maji, topido 24 tumboni, na mafuta ya kulitembeza maili zaidi ya 23,000 bila kujaza tena. Linatoka Ujerumani, linazunguka Rasi ya Tumaini Jema, linapanda hadi Penang kule Malaya ambako Wajapani waliwapa Wajerumani kituo. Nyambizi za njia hiyo ziliitwa Kundi la Monsun. Neno hilo mnalijua bila kujijua: asili yake ni mawsim ya Kiarabu, ndugu wa tumbo moja na msimu wetu, wa kaskazi na kusi.

Shida ya jitu ni kwamba halikuwa jepesi kupiga mbizi. Ndege ikitokea ghafla, nyambizi ndogo imeshatoweka, hili mgongo bado uko nje.

Kobe Mzee:
Siti ya mbele kabisa, na kahawa yangu. Shusha mkuu.

Fundi Boila:
Swali la mjinga. Kwani lazima iwe juu ya maji? Si ndiyo maana ikaitwa nyambizi, ibaki huko huko chini.

Mwana wa Pwani:
Si swali la mjinga. Za wakati ule zilikuwa meli zinazojua kupiga mbizi, si samaki. Juu ya maji zinatumia dizeli, na dizeli inataka hewa. Chini zinatumia betri, na ukiwa chini unatambaa, hata maili 7 za bahari kwa saa hufiki, tena betri zikiisha lazima uibuke uzichaji. Kwa hiyo usiku wanakimbia juu, mchana wanajificha wakiogopa ndege.

Na kuogopa ndege ndiko kulikomponza kamanda wetu. Anaitwa Heinz-Wilhelm Eck, mzaliwa wa Hamburg, miaka 27 walipong'oa nanga Kiel Januari 18, 1944. Jeshini aliingia 1934, lakini miaka mingi alikuwa kwenye meli za kufagia mabomu ya baharini. U-852 ndiyo nyambizi ya kwanza kukabidhiwa, na safari hii ndiyo ya kwanza kwake akiwa kamanda.

Kabla hajaondoka alionywa. IXD2 nne, namba zinafuatana kama watoto wa familia moja, U-847, U-848, U-849 na U-850, zote zilizamishwa na ndege kati ya Agosti na Desemba 1943. Akaambiwa Atlantiki ya Kusini, hasa eneo la Freetown na kisiwa cha Ascension, macho yako angani muda wote. Na meli ukiizamisha inaacha mabaki yanaelea. Rubani akiyaona anajua mwindaji yuko jirani.

Shikeni hapo kwenye mabaki. Nakuja.

Mchokonozi:
Nshaanza kuhisi harufu ya damu.

Mwana wa Pwani:
Sehemu ya pili.

Machi 13, 1944. Meli ya Kigiriki Peleus imetoka Freetown inaelekea Amerika ya Kusini, tupu, imekodiwa na serikali ya Uingereza. Ndani watu 35: Wagiriki wengi, halafu Waingereza, Wachina, Wamisri, Mrusi, Mpoland, hata baharia wa Aden alikuwamo. Eck aliiona mchana akaivizia, giza lilipoingia akaitia topido mbili. Ndani ya dakika chache Peleus haipo.

Walionusurika hawajulikani idadi kamili. Walikuwa wakielea wameshika mbao na vyelezo, vile vibao vya kujiokolea vinavyofungwa kwenye sitaha ili meli ikizama vielee vyenyewe. Nyambizi ikawasogelea. Wakamwita ofisa wa tatu wa Peleus, Agis Kephalas, wakamhoji: meli gani, inatoka wapi, inakwenda wapi. Akarudishwa kwenye chelezo chake. Mpaka hapo ni vita ya kawaida, kila kamanda alifanya hivyo.

Eck akajitenga kidogo na pale. Kisha akageuza.

Akaagiza silaha ndogo zipandishwe juu: rashasha na mabomu ya mkono. Mhandisi mkuu Hans Lenz alipinga usoni pake, na ofisa wa kwanza wa zamu naye akapinga. Eck akajibu kwamba mabaki lazima yafutwe. Wakaanza kupiga vyelezo, wakidhani vitazama. Havikuzama. Vilitengenezwa visizame, hiyo ndiyo kazi yake! Wakajaribu kuvigonga kwa mwili wa nyambizi, wakatupa mabomu ya mkono. Gizani, taa ikimulika, na watu wako juu ya vyelezo hivyo hivyo. Shughuli hiyo ilikwenda mpaka karibu saa saba usiku, jumla kama saa tano.

Baadaye Eck alihisi mabaharia wake wamenyong'onyea. Akawasemesha kwa kipaza sauti cha nyambizi, kwa maana hii: huruma ikituzidi, tukumbuke wake na watoto wetu wanaokufa nyumbani kwa mabomu ya ndege.

Kobe Mzee:
Kahawa imepoa, sina hamu nayo.

Mchokonozi:
Naomba nitetee kisichoteteka. Ana watu zaidi ya 60 ndani ya lile bomba. Wenzake wanne wamekufa njia hiyo hiyo. Akiacha mabaki, kesho ndege iko kichwani. Vita si harusi. Ungekuwa wewe?

Fundi Boila:
Ningekuwa mimi ningekimbia! Piga hesabu. Kule juu limeandikwa jitu, nimekwenda kuangalia mwendo wake, juu ya maji linafika maili 19 za bahari kwa saa. Weka 18. Zidisha kwa saa tano. Kulipokucha angekuwa maili 90 mbali na pale, bahari yote ile wamtafute wapi? Badala yake kabaki anazunguka palepale na taa inawaka. Mtu anayeogopa kukamatwa haendi kufuta nyayo na huku bado amesimama juu yake.

Halafu meli ikizama inatapika mafuta. Utando wa mafuta unaupigaje risasi?

Mwana wa Pwani:
Fundi, umeninyang'anya sehemu ya nne. Hoja hiyo ndiyo iliyomwangusha mahakamani. Upande wa utetezi ulimleta shahidi wa kitaalamu, Adalbert Schnee, naye kamanda maarufu wa nyambizi. Akabanwa: wewe ungefanya nini? Alizungukazunguka sana, mwishowe akakubali kwamba yeye asingefanya hivyo, angeondoka pale haraka. Shahidi wako mwenyewe!

Lakini tusiruke. Sehemu ya tatu.

Aprili 1, karibu na ncha ya Rasi ya Tumaini Jema, Eck aliizamisha meli ya Kiingereza, Dahomian. Walikufa watu 2, waliobaki wakaokolewa. Akaingia Bahari ya Hindi, akapanda kaskazini. Mwezi mzima hajapata kitu.

Humo ndani alikuwa na mtambo ambao nikiusimulia watu hudhani nimetunga. Nyambizi hata ikiwa juu ya maji ni fupi, baharia akisimama mnarani haoni mbali. Wajerumani wakatengeneza tiara. Ndiyo, tiara kama lile la watoto, ila lina mapanga yanayozunguka kama helikopta na kiti cha mtu mmoja, halina injini. Nyambizi inakimbia dhidi ya upepo, tiara linapanda likiwa limefungwa kwa kamba, jamaa anakaa juu huko na darubini na simu ya waya. Jina lake Fa 330. Ndege ya adui ikitokea, yaliyobaki ni kumwombea jamaa wa juu. Waingereza walilipata la U-852 likiwa zima, wakalichunguza kwa hamu kubwa.

Binti wa Likoni:
Hahaha huyo wa kwenye tiara mshahara wake ulikuwa bei gani? Mimi hata bembea ya Mama Ngina siwezi.

Mwana wa Pwani:
Binti, wewe nilikuwa nakungoja, maana hapa Mombasa inaingia.

Septemba 1943 jeshi la anga la Uingereza liliunda skwadroni mpya namba 621 pale Port Reitz. Wakapewa ndege za Wellington za doria, na kabla ya mwaka kuisha wakahamishiwa Aden kulinda mlango wa Bahari ya Shamu. Mei 2, 1944, Wellington ya 621 ikaikuta U-852 juu ya maji nje ya pwani ya Somalia. Jitu likajaribu kupiga mbizi. Likachelewa, kama kawaida yake. Mabomu yanayolipukia majini yakaliangukia, likaharibika hata likashindwa kubaki chini, likaibuka na kuanza kujibu kwa mizinga ya kutungulia ndege. Ndege zikazidi, za 621 na za skwadroni namba 8, zikiwapokea wenzao zamu kwa zamu.

Eck akaona ameisha. Akaielekeza nyambizi nchi kavu, ikapanda mwamba usiku wa kuamkia Mei 3 hapo Bandar Beyla. Wakatega baruti waiteketeze. Ililipuka nusunusu. Watu 7 wa nyambizi walikufa, 59 wakafika ufukweni. Kumbuka Somalia ya Waitaliano ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1941. Kikosi cha Ngamia cha Somaliland kikaja nchi kavu, mabaharia wa manowari HMS Falmouth wakaja kwa majini, Wajerumani wakakusanywa.

Binti wa Likoni:
Port Reitz ndiyo airport yetu ya Moi jamani. Nimepita hapo mara ngapi kumpokea shangazi na hakuna aliyeniambia. Shukran.

Garisenyo:
Mimi kinachonichekesha ni Wasomali wa ngamia kukamata mabaharia wa Hitler. Hao hawakuota kabisa wakiwa Kiel kwamba safari ya Penang itaishia hivyo.

Mwana wa Pwani:
Sehemu ya nne, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Eck alitumia saa tano kufuta ushahidi wa mbao. Ushahidi wa karatasi akausahau. Ndani ya ile nyambizi iliyolipuka nusunusu, Waingereza walikuta daftari la safari. Limeandikwa kila kitu kwa nidhamu ya Kijerumani: siku, mahali, meli iliyozamishwa.

Na huko Atlantiki, mbao nazo zilikuwa hazijafutika. Watu wanne walikuwa wamebaki hai usiku ule kwa kujifanya maiti na kujibanza. Kephalas, yule aliyehojiwa, alikuwa na majeraha mabaya, akafa juu ya chelezo. Watatu walielea mpaka Aprili 20, siku 38, ndipo meli ya Kireno Alexandre Silva ikawaokota. Hao ni Antonios Liosis, msaidizi wa kwanza wa nahodha, baharia Dimitrios Argiros, na Rocco Said, mchochea moto wa boila. Wakashushwa Lobito, Angola, wakasimulia.

Tazama tarehe. Aprili 20 mashahidi wameokotwa. Mei 3 daftari limepatikana. Wiki mbili hazijatimia! Upande mmoja una watu wanaosema tulizamishwa siku fulani mahali fulani na mshambuliaji akatupiga risasi, hatujui ni nani. Upande wa pili una nyambizi inayosema mimi ndiye niliyezamisha meli siku hiyo mahali hapo. Halafu mabaharia wengine wa Eck mwenyewe wakatoa maelezo.

Fundi Boila:
Mchochea moto mwenzangu kaishi. Huyo Rocco Said nampa heshima zote.

Wakili wa Mtaani:
Naomba niingie hapa maana kesi hii tulisomeshwa. Ilisikilizwa Hamburg, mji aliozaliwa Eck, Oktoba 17 hadi 20, 1945, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza, na maofisa wa Kigiriki wakiwa miongoni mwa wajumbe kwa sababu meli ilikuwa yao. Washtakiwa watano: Eck, ofisa August Hoffmann, daktari Walter Weisspfennig, mhandisi Lenz, na baharia wa chini Wolfgang Schwender.

Eck hakujificha nyuma ya mkubwa wake. Hakusema niliamriwa. Alisema uamuzi ulikuwa wangu, ulilazimishwa na hali. Kwangu mimi hilo ndilo la kiume pekee alilofanya katika kisa chote, na lilimsaidia Dönitz, mkuu wa nyambizi za Wajerumani, kuliko lilivyomsaidia yeye, maana waendesha mashtaka wa kesi ya viongozi wa Nazi kule Nuremberg walitamani sana mauaji haya yaunganishwe na amri ya Dönitz ya Septemba 1942 iliyokataza kuokoa watu wa meli zilizozamishwa. Kukataza kuokoa ni jambo moja, kuamuru kuua ni lingine.

Washtakiwa wengine ndio waliosema tuliamriwa. Mahakama ikarejea kesi ya Llandovery Castle, meli ya hospitali iliyozamishwa 1918, ambapo majaji wa Kijerumani wenyewe, Leipzig 1921, walisema amri ambayo kila mtu anaona wazi kuwa ni haramu haimkingi aliyeitii. Huhitaji kitabu cha sheria kujua kwamba mtu anayeelea hapigwi risasi.

Kobe Mzee:
Huyo daktari ndiye aliyenikata maini. Daktari na rashasha wapi na wapi?

Wakili wa Mtaani:
Ndivyo walivyomuuliza. Daktari wa jeshi analindwa na mikataba kwa sharti la kutojiingiza kwenye kupigana. Yeye alisimama pale akafyatua.

Na Lenz? Huyu ni fumbo. Alipinga amri mwanzoni, mbele ya mashahidi. Halafu usiku huo huo akamnyang'anya Schwender rashasha akapiga yeye. Alipoulizwa kwa nini, alijieleza kwamba alimwona Schwender mwanajeshi asiyestahili kutekeleza amri kama ile. Yaani kitu ni haramu, lakini kikifanyika basi kifanywe na mtu wa heshima. Nimesoma hapo mara tatu.

Eck, Hoffmann na daktari walihukumiwa kifo, wakapigwa risasi Novemba 30, 1945. Lenz kifungo cha maisha, Schwender miaka 15. Lenz na Schwender wote walikuwa nje kufikia 1952.

Mchokonozi:
Sawa, nimekubali Eck hana utetezi. Lakini msinifunge mdomo, kuna kitu kinanikera. Khedive Ismail. Februari 1944, mwezi mmoja tu kabla ya Peleus. Meli imetoka Kilindini imebeba askari wetu wa mizinga wa Afrika Mashariki na manesi, inakwenda Colombo. Ikapigwa topido karibu na Maldivi, dakika mbili haipo. Waliobaki wanaelea. Manowari ya Kiingereza ikapita katikati yao ikadondosha mabomu. Watu wetu wakapasuka majini kwa mabomu ya upande wao. Nani alishtakiwa?

Mwana wa Pwani:
Ni kweli imetokea, sitaificha. Ngoja niweke sawa ili mtu asichanganye: aliyeizamisha si Mjerumani, ni nyambizi ya Kijapani I-27, Februari 12. Ndani walikuwa watu zaidi ya 1,500, waliopona hawakufika 250. Na manowari HMS Petard ilidondosha mabomu palepale walipoelea, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini yao na bado kulikuwa na meli nyingine za msafara zimejaa askari.

Wakili wa Mtaani:
Tofauti ipo, Mchokonozi, ingawa najua haitakuridhisha. Petard ilikuwa inampiga adui mwenye silaha aliyekuwa hapo chini, tayari kuua tena. Eck hakuwa na adui mbele yake usiku ule. Alikuwa na mbao na watu waliolowa.

Mchokonozi:
Kawaeleze hivyo waliokuwa wanaelea.

Binti wa Likoni:
Mimi kwetu ipo hiyo. Mdogo wake babu aliondoka Kilindini mwanzo wa 1944, artillery, hakurudi. Nyumbani walikuwa wanasema tu "alikwenda Burma". Bibi alikuwa akisikia honi ya meli usiku anakohoa makusudi, asisikike akilia. Jina la meli nimelijua ukubwani, na sijui kama ndiyo hiyo au nyingine.

Mchokonozi:
Pole dada. Nilikuwa nabishana tu, sikujua.

Binti wa Likoni:
La, umefanya vyema kuitaja. Kwetu haitajwi.

Garisenyo:
Mwana wa Pwani, ya Khedive Ismail inataka uzi wake. Hii ya Eck tumeielewa, mpe Binti na wenzake haki yao.

Mwana wa Pwani:
Nipeni wiki mbili, nataka nianze na pale Kilindini walipopakia, si pale ilipozama. Binti, ukienda nyumbani angalia kama kuna karatasi yoyote ya jeshi ya mzee, hata bahasha, hata kipande chenye namba yake. Namba ndiyo inayotafutika, majina waliyaandika ovyo. Ukiipata ipige picha kwanza hapo hapo kabla mchwa hawajakutangulia, usiiweke hapa hadharani, nitumie inbox.